Je, Wajua? Mfupa Una Kalenda Yake

Je, wajua kwamba mfupa wa mkimbiaji unaweza kupata ufa bila yeye kuanguka, kugongwa wala kuteleza? Ukikimbia kwa mwendo wa hatua 170 kwa dakika, saa moja ni hatua 10,200. Kila unapokanyaga, ardhi inakurudishia nguvu ya mara 2 hadi 3 ya uzito wako. Hakuna hatua moja unayoweza kuilaumu. Anayetoka Gisimenti, hapa Kigali, alfajiri, akauzunguka Uwanja wa Amahoro na kupita BK Arena, amekwishatumia maelfu ya hatua kabla maduka hayajafunguliwa.

Mifupa yako ya leo si ile ya miaka kumi iliyopita. Kwa mtu mzima, takriban asilimia 10 ya mifupa hubadilishwa kila mwaka. Kuna seli zinazobomoa na seli zinazojenga, na ukiongeza mazoezi, wabomoaji ndio wanaofika kwanza, kama kwenye ukarabati wa nyumba yoyote. Wao humaliza kazi kwa wiki chache. Wajenzi huhitaji miezi kama 3. Hapo katikati mfupa unaweza kuwa dhaifu kuliko ulivyokuwa siku ulipovaa raba mpya, wakati mapafu na moyo vimekwisha kuzoea na vinakuambia twende. Ndiyo maana wengi huumia pale hasa wanapojisikia wako vizuri.

Waliougundua ugonjwa huu hawakuwa makocha. Mwaka 1855 daktari wa jeshi la Prussia, Breithaupt, aliandika kuhusu askari waliovimba miguu kwa gwaride na safari ndefu. Hakuwa na namna ya kuona ndani. Eksirei iligunduliwa na Röntgen mwaka 1895, na miaka 2 tu baadaye picha zikaonyesha kwamba tatizo la askari hao lilikuwa mifupa ya unyayo iliyopasuka.

Ajabu ni kwamba eksirei hiyohiyo hudanganya hadi leo. Katika wiki 2 au 3 za kwanza picha nyingi hutoka safi kabisa, kwa sababu inachoonyesha vizuri ni kovu la mfupa unaopona, na kovu lenyewe bado. Kipimo cha MRI huona mapema, ila ni ghali na hakiko kila hospitali. Kwa hiyo "picha haina kitu" si ruhusa ya kurudi barabarani. Kidole chako kina ushahidi pia: maumivu ya kawaida ya muundi huenea kwa urefu, lakini ya ufa hukaa sehemu moja unayoweza kuifunika kwa ncha ya kidole. Yakianza kukuamsha usiku, usingoje Jumatatu.

Je, wajua kuwa si kila ufa una uzito sawa? Ule wa upande wa ndani wa muundi, au wa mifupa mirefu ya unyayo, kwa kawaida hupona kwa wiki 6 hadi 8 ukiacha kukimbia. Ule wa mbele ya muundi, au wa mfupa mdogo ulio juu ya tao la mguu, ni mkaidi: damu inayoufikia ni kidogo, na unaweza kukuweka kwenye magongo na kula miezi. Wa kuogopwa zaidi ni wa shingo ya mfupa wa paja, hasa upande wa juu. Mkimbiaji huusikia kama maumivu ya kinena, anajinyoosha, anapakwa dawa ya kuchua, anaendelea. Mfupa ukikatika kabisa ni upasuaji wa haraka, na nyonga yenyewe inaweza kufa.

Sasa kisa. Abebe Bikila wa Ethiopia alishinda marathoni ya Roma mwaka 1960 bila viatu. Mwaka 1964, zaidi kidogo ya mwezi mmoja kabla ya Olimpiki ya Tokyo, alipasuliwa kutolewa kidole tumbo. Akaenda, akashinda tena kwa saa 2 na dakika 12, akiwaacha wenzake kwa dakika 4. Ukimwambia mtu habari hiyo ataamini kwamba mwili wa bingwa hauna kikomo. Subiri Mexico City, mwaka 1968. Safari hii tatizo lilikuwa ufa kwenye mfupa mwembamba wa mguu wa kushoto, ule wa upande wa nje. Alianza mbio akiwa na namba 1 kifuani. Kilomita 17 hivi, akatoka. Kidonda cha upasuaji kilimkubalia; mfupa ulikataa. Aliyeshinda siku hiyo ni mwananchi mwenzake, Mamo Wolde.

Paula Radcliffe wa Uingereza, aliyeweka rekodi ya dunia ya marathoni ya 2:15:25 mwaka 2003, alipata ufa kwenye mfupa wa paja miezi michache kabla ya Olimpiki ya Beijing 2008. Alifanya mazoezi mengi ndani ya maji, akakimbia, akamaliza wa 23. Wiki zilikuwa hazitoshi, na hakuna jina kubwa linaloziongeza.

Lakini zikitosha? Mkenya Conseslus Kipruto alipata ufa kwenye mguu wa kushoto mwaka 2019, msimu wake ukaharibika karibu wote. Oktoba mwaka huohuo, Doha, alitetea ubingwa wa dunia wa mita 3,000 kuruka viunzi na maji kwa 8:01.35. Lamecha Girma wa Ethiopia alipata 8:01.36. Sehemu moja ya mia ya sekunde, kwa mtu aliyeukosa karibu msimu mzima. Mie kisa hiki huwasimulia wagonjwa wanaolia kwamba wamekosa wiki mbili.

Na chakula? Gisimenti mwishoni mwa wiki magari hufungiwa njia na barabara hugeuka ya wenye miguu, viti na mishikaki. Mkimbiaji mwenye magongo atafute nini kwenye menyu? Isambaza. Samaki hao wadogo wa Ziwa Kivu huliwa wazima na mifupa yao, na mfupa ndio kalsiamu yenyewe. Tena si wenyeji wa Kivu: ni dagaa wa Tanganyika walioletwa mwishoni mwa miaka ya 1950. Msomaji wa Kigoma na wa Kigali wanakula ukoo mmoja.

Ikivuguto, maziwa ya mgando ya Rwanda, nayo isidharauliwe. Bilauri ya maziwa ya mililita 250 ina miligramu kama 300 za kalsiamu, na mtu mzima anahitaji takriban 1,000 kwa siku. Utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2008, kwa kuruta wa kike 5,201 wa jeshi la majini, ulionyesha kwamba waliopewa nyongeza ya kalsiamu na vitamini D walipata nyufa pungufu kwa asilimia 20. Vitamini D ya jua tunayo. Kigali iko karibu digrii 2 tu kusini mwa Ikweta. Ila jua halimpati anayekimbia saa kumi na moja alfajiri na kushinda ofisini hadi magharibi.

Bia? Pombe nyingi huzubaisha seli zinazojenga mfupa. Sigara huchelewesha kupona. Basi.

Je, wajua kwamba sababu kubwa ya ufa inaweza kuwa sahani, wala si barabara? Anayekimbia sana na kula kidogo hulazimisha mwili kubana matumizi, na mwili huanza na visivyo vya leo: uzazi na mifupa. Mwanamke akikosa hedhi miezi mitatu mfululizo wakati wa mazoezi makali, asiambiwe ndiyo uanamichezo. Hiyo ni taarifa kutoka kwenye mifupa. Wanaume nao hupungukiwa homoni, ila hawana kalenda ya kuwaambia. Mwaka 2014 Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki ililitambua tatizo hili kwa jinsia zote mbili. Anayepata ufa wa pili au wa tatu achunguzwe chakula kabla ya kubadilishiwa viatu.

Na viatu? Mwaka 2023 madaktari waliripoti wanariadha 5 waliopata madhara kwenye ule mfupa mkaidi wa juu ya tao baada ya kutumia raba zenye bamba la kaboni. Watano ni wachache mno kuhukumu kiatu. Wanatosha kumfanya mtu avizoee polepole.

Dawa za kutuliza kama diklofenaki na ibuprofeni huua maumivu, na maumivu ndiyo kipimo chako cha bure. Tena majaribio kwa wanyama yameonyesha kuwa zinaweza kuchelewesha mfupa kuunga. Madaktari wengi wa michezo huona heri parasetamoli, kwa muda mfupi.

Baiskeli ni rafiki mwenye kasoro. Septemba 2025 Kigali iliandaa mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani, ya kwanza kufanyika Afrika, na tangu hapo kila mgonjwa anataka kupona kwa pedali. Sawa, moyo utabaki mkali. Lakini waendesha baiskeli wa kulipwa mara nyingi hupimwa na kukutwa na mifupa myepesi, hasa ya uti wa mgongo, kwa sababu kiti kinabeba mzigo ambao mifupa ingeubeba. Ukishuka baada ya miezi 2, pumzi ni ya bingwa na mifupa ni ya mtu aliyekuwa amekaa. Hapo ndipo watu huumia mara ya pili.

Kanuni maarufu ya kuongeza asilimia 10 kila wiki iliwahi kupimwa huko Groningen, Uholanzi, kwa wakimbiaji wapya 532. Walioifuata na wasioifuata waliumia karibu sawa: mmoja kati ya watano. Kanuni bora ni kutembea kwanza. Ukiweza dakika 30 za mwendo wa haraka bila maumivu, anza kukimbia dakika moja, tembea moja, siku moja kazi na siku moja pumziko.

Kwa nini pumziko? Katika majaribio ya panya, mifupa iliyopewa mizigo 360 kwa mkupuo ilijengeka kidogo kuliko ile iliyopewa mizigo hiyohiyo kwa mafungu manne ya 90 yenye saa kadhaa kati yake. Mfupa husikia mapigo ya mwanzo, kisha huziba masikio mpaka upumzike. Dakika 10 asubuhi na 10 jioni zinaweza kuufaa kuliko 20 za pamoja.

Wakimbiaji waliocheza mpira wa miguu au wa kikapu utotoni huelekea kupata nyufa chache, kwani kuruka na kugeuka huku na huku hujenga mfupa pande zote. Mtoto anayetaka kuwa mkimbiaji na anashinda akicheza kikapu, mwacheni.

Mwisho, vilima. Watafiti wa Marekani walipima mwaka 2005: kuteremka mteremko wa digrii 9 huongeza pigo la mguu kwa asilimia 54 kulinganisha na tambarare, na kupanda mlima wa ukali uleule pigo hilo halionekani kabisa. Kwa anayerudi mbioni hapa Remera, mpango ni huu: panda kwa miguu, teremka kwa moto, yaani teksi ya pikipiki. Dereva atakupa helmeti, na hatakuuliza kwa nini umevaa kaptura.