Fahamu: Kwa nini msiba huwakusanya Watanzania walio ughaibuni

Mtanzania akifariki Marekani au Uingereza, kusafirisha mwili hadi nyumbani hugharimu fedha ambazo mara nyingi familia peke yake haina. Ndiyo maana jumuiya nyingi za ughaibuni zimejengwa juu ya kuzikana. Taarifa ikiingia kwenye kundi la WhatsApp, orodha huanza kurefuka: jina na kiasi, jina na kiasi, mweka hazina akiirekebisha hadi usiku wa manane. Mwisho wa wiki watu hukutana kwa wafiwa au kwenye ukumbi wa kukodi; kuna chai ya maziwa, maandazi, dua au sala.

Hapo mtu aliyehamia karibuni hupata kitu ambacho mimi nakiona kikubwa zaidi ya mchango: watu wa kumfafanulia nchi aliyoingia. Waliotangulia humweleza kwamba kuinamisha macho mbele ya bosi, ambako kwetu ni heshima, huko huweza kuonekana ni kuficha jambo.

Katika jumuiya hizi suala la uraia nalo lipo. Katiba ya Kenya ya 2010 iliruhusu uraia pacha. Lakini Tanzania kwa kawaida haiuruhusu kwa watu wazima, hivyo anayechukua uraia wa ugenini huupoteza wa kwao. Hata hivyo, wengi waliobadili pasipoti wanaendelea kuchanga na kuhudhuria misiba ya wenzao.