Pua ndefu si udugu

Kwetu Karuba, kwa Kinyarwanda, anayetoboa mahindi na anayetoboa maharagwe wote ni imungu, ingawa wa maharagwe hana pua ndefu ya fukusi. Pua hiyo iliwafanya Zherikhin na Gratshev, miaka ya 1990, kuwahesabu Obrieniidae wa Madygen, Kirigizistani, kuwa fukusi wa kale kabisa: visukuku vya zaidi ya miaka milioni 200. Baadaye wataalamu wengine waliwahamishia Archostemata, tawi jingine la mbawakawa.

Wanaisimu linganishi tunaujua mtego huo. Imungu na Mungu yanafanana (wachungaji wanisamehe), lakini imungu linakwenda na kitenzi kumunga, kula kwa ndani. Mdudu wa jiwe hana kitenzi. Zimebaki alama za mwili tu.