Mishumaa ya manukato ya kutengeneza nyumbani, na yale yanayoiharibu

Kwa muda sasa wakaazi, hasa akina mama walio katika vikundi na vijana waliomaliza shule, wamekuwa wakiuliza kama ile mishumaa ya manukato inayouzwa katika maduka ya zawadi na kuwekwa katika vyumba vya hoteli za Malindi na Watamu inaweza kutengenezwa nyumbani. Inaweza. Vifaa vingi vinavyohitajika viko jikoni tayari. Lakini hii ni kazi ya moto. Mshumaa uliotengenezwa vibaya hauharibu soko lako peke yake. Unaweza kuchoma nyumba ya mteja aliyekulipa. Ndiyo maana makala haya yatakaa zaidi kwenye yale yanayokwenda kombo.

Tunazungumzia mshumaa unaomiminwa ndani ya gilasi, chupa ya jemu au mkebe na kuwashiwa humo humo. Haufanani na ule mweupe tunaouwasha stima zikipotea. Ule husimama wenyewe, kwa hivyo nta yake ni ngumu. Huu wa chombo hutaka nta laini kidogo, yenye kushikamana na kuta za chombo na kuyeyuka sawasawa.

Nta

Zipo aina tatu za kawaida. Nta ya parafini hushika manukato vizuri na bei yake ni nafuu. Nta ya soya huwaka polepole na wateja wengi wa hoteli huipenda, ila inaagizwa kutoka nje. Ya tatu ni nta ya nyuki, ambayo wafugaji wa nyuki wanaopakana na msitu wa Arabuko-Sokoke huipata kila wanapokamua asali.

Tahadhari moja hapa. Mtu akisema "parafini" mtaani mara nyingi humaanisha mafuta ya taa ya koroboi na stovu. Nta ya parafini ni kitu kigumu cheupe, huuzwa kwa kilo. Usitie mafuta ya taa katika mshumaa kwa sababu yoyote, hata tone.

Nta ya nyuki huyeyuka kwenye nyuzi 62 hadi 64 za Selsiasi, joto kubwa kuliko la nta nyingi za mishumaa ya chombo, na ikipoa peke yake ndani ya gilasi hujikunja na kupasuka. Wengi huichanganya na mafuta ya nazi: sehemu 4 za nta kwa sehemu 1 ya mafuta. Usizidishe mafuta. Mafuta ya nazi huyeyuka kwenye nyuzi 24 hivi, na hapa kwetu Pwani joto hilo tunalipita mchana na usiku. Ukizidisha, utauza uji. Nta mbichi iyeyushe kwanza ndani ya maji, ichuje kwa kitambaa, iache igande juu ya maji, kisha ianike mpaka ikauke kabisa. Maji yakibaki ndani, mshumaa utarusharusha cheche.

Harufu

Hapa ndipo watu wengi wanapopoteza pesa. Marashi ya waridi ni maji. Hayachanganyiki na nta, hutuama chini ya gilasi na kuuzima utambi. Mwandishi wa makala haya aliwahi kuharibu sufuria nzima kwa njia hiyo, akidhani marashi ya kunyunyizia wageni yanafaa kwa kila jambo. Manukato ya kujipulizia mwilini ni hatari zaidi kwa sababu yana spiriti, na spiriti ikikutana na moto hulipuka. Rangi ya chakula nayo ni ya maji. Kalamu za rangi za watoto huyeyuka vizuri na kupendeza macho, kisha rangi yake huziba utambi.

Kinachotakiwa ni mafuta ya manukato yaliyotengenezwa kwa mishumaa, au mafuta halisi ya mmea kama mchaichai, karafuu au mlangilangi. Haya ya mmea ni ghali na mengi hupotelea hewani haraka, kwa hivyo anayeanza ajifunze kwa mafuta ya manukato ya mishumaa kwanza.

Kiasi hupimwa kwa uzito, si kwa kijiko wala kifuniko. Anza na gramu 6 za manukato kwa kila gramu 100 za nta. Zipo nta zinazobeba hadi 10, lakini nyingine haziwezi, na yale yasiyobebwa hutoka juu kama jasho.

Hesabu nyingine inayookoa pesa ni hii. Weka gilasi tupu kwenye mizani, irudishe kwenye sifuri, jaza maji hadi pale unapotaka nta ifike, soma uzito, kisha zidisha kwa 0.9, kwa kuwa nta ni nyepesi kuliko maji. Gilasi inayochukua gramu 200 za maji itachukua karibu gramu 180 za mchanganyiko. Gilasi 10 ni gramu 1,800: nta gramu 1,700 na manukato gramu 102. Ikaushe gilasi kabisa kabla ya kuitumia.

Chombo na utambi

Chupa za jemu na asali zenye kioo kinene hufaa. Gilasi nyembamba ya maji, yenye shina au yenye ufa hata mdogo, iache. Kioo kinachopasuka mshumaa ukiwaka humwaga nta ya moto mezani, na utambi ungali unawaka. Wengi huuliza kuhusu vifuu vya nazi kwa sababu watalii huvipenda. Kifuu ni kuni. Ndicho tunachowashia jiko. Kiuze kwa kazi nyingine.

Utambi uwe wa pamba tupu, uliosukwa. Choma ncha ya uzi kujaribu: wa pamba huacha jivu laini, wa nailoni hujikunja na kuwa kitone kigumu. Uchovye katika nta iliyoyeyuka, unyooshe, uache ukauke. Ushikize chini katikati ya gilasi kwa kibati kidogo, kisha juu uushikilie kwa vijiti viwili vya mshikaki vilivyolazwa mdomoni mwa gilasi. Utambi ukienda upande, ukuta mmoja wa kioo utapata joto lote.

Kumimina

Usiweke nta moja kwa moja juu ya jiko. Chemsha maji katika sufuria kubwa, weka chombo cha nta ndani yake. Maji hayapiti nyuzi 100, kwa hivyo nta nayo haitapita hapo, ilimradi maji yasikauke. Yaangalie na kuongeza. Watoto wakae mbali, na usitoke hata kupokea simu.

Nta ikifika nyuzi 80 hadi 85 iondoe motoni, tia manukato, koroga polepole dakika 2 nzima. Kipimajoto cha jikoni ni kitu cha lazima. Wanaokisia kwa macho ndio wanaorudi na malalamiko. Acha ipoe: soya hadi karibu nyuzi 60, parafini na mchanganyiko wa nta ya nyuki karibu 70 hadi 75, kisha mimina taratibu. Kama aliyekuuzia nta ana maelezo yake ya joto, fuata ya kwake. Panga gilasi juu ya ubao au magazeti, si kwenye sakafu baridi ya saruji, mbali na feni. Friji usiifikirie.

Nta ikishika moto, zima gesi na ufunike sufuria kwa kifuniko chake. Usimwage maji. Maji huzama chini ya nta, hugeuka mvuke mara moja na kuirusha nta inayowaka hadi darini na usoni mwako. Weka kifuniko na ndoo ya mchanga mkavu karibu kabla hujawasha jiko. Moto ukikushinda, toka nje na watu wote na upige 999 au 112.

Mambo yanayoharibika

Malalamiko yanayoongoza ni shimo: mshumaa unawaka katikati tu, unachimba kama kisima, na nta nene inabaki pembeni. Sababu ni utambi mdogo kwa upana wa gilasi, au mteja kuuzima mapema siku ya kwanza. Kanuni ni saa 1 kwa kila sentimita 2.5 za upana. Gilasi ya sentimita 7.5 iachwe iwake karibu saa 3 mara ya kwanza, mpaka nta iliyoyeyuka ifike ukutani pande zote. Mara hiyo ya kwanza ndiyo inayoweka njia. Mwako wa pili huelekea kufuata njia hiyo hiyo.

Kinyume chake ni moto mrefu unaochezacheza, masizi meusi kwenye kioo na kijiuyoga cheusi kwenye ncha ya utambi. Huo utambi ni mkubwa mno au haujakatwa. Ukate ubaki milimita 5 kila kabla ya kuwasha, na usiuweke penye upepo. Ukiona gilasi imekuwa ya moto kiasi cha kutoshikika, uzime. Kundi zima la mishumaa yenye utambi huo lisiuzwe.

Njia ya kujua utambi sahihi ni kujaribu. Mimina gilasi 3 zinazofanana kwa kila kitu, tofauti iwe unene wa utambi tu, uziwashe pamoja ukiwa umekaa hapo. Inayofika ukutani kwa wakati, ikiwa na kidimbwi cha kina cha sentimita 1 hivi na moto uliotulia, ndiyo yako. Ukibadilisha nta, manukato au gilasi, jaribu upya. Ni kazi ya kuchosha, na ndiyo inayotofautisha mtengenezaji na mwenye kubahatisha.

Mshumaa usionukia huwakatisha tamaa wengi. Kabla ya kuongeza manukato, angalia kama umeupa muda. Wa parafini uukae siku 2 au 3 ukiwa umefunikwa, wa soya wiki 1 hadi 2. Angalia pia kama ulikoroga vya kutosha, na kama utambi si mdogo kiasi kwamba nta inayoyeyuka ni kidogo. Halafu mwite jirani anuse. Pua yako imekaa na harufu hiyo siku nzima na haiisikii tena.

Uso ukibonyea au kuacha tundu kando ya utambi, ni kwa sababu nta hujikunja inapopoa, na juu huganda kabla ya ndani. Bakiza nta kidogo. Uso ukishaganda, toboa kando ya utambi kwa kijiti, kisha mimina ile iliyobaki ikiwa moto kidogo kuliko mwanzo. Matone ya mafuta juu ya mshumaa yafute kwa karatasi kabla ya kuwasha, na safari ijayo punguza manukato. Mabaka yanayoonekana kama unyevu kwenye kioo, na ukungu mweupe juu ya nta ya soya, hayana madhara. Ukisafisha gilasi na kuipasha joto kidogo kabla ya kumimina yatapungua. Yakibaki, yaache, usiyeyushe upya kazi nzuri kwa ajili ya sura.

Ukitaka kuuza

Kutengeneza kwa matumizi ya nyumbani hakuhitaji karatasi yoyote. Anayeuza atahitaji kibali cha biashara cha kaunti, na kabla ya kupeleka bidhaa madukani au hotelini aulize Shirika la Viwango nchini, KEBS, kuhusu alama ya ubora. Ulizia mapema, kabla ya kuchapisha lebo.

Lebo iseme uzito wa nta na jina la harufu, na chini yake maonyo haya kwa herufi zinazosomeka bila miwani: usiuache ukiwaka bila mtu, uweke mbali na pazia, chandarua na watoto, usiuwashe kwa zaidi ya saa 4 mfululizo, kata utambi, fungua dirisha ikiwa nyumbani kuna mgonjwa wa pumu, uache kuutumia nta ikibaki sentimita 1 chini, kwa maana hapo moto huwa karibu na kioo.