Gari Kuukuu Likitetemeka, Lichunguze Kabla ya Kununua Spea

Ndugu mkulima, tangu mpango wa Ekari Milioni Moja ulipoanza mwaka 1962, gari kuukuu limekuwa mtumishi wa shamba sawa na jembe na plau. Hubeba maziwa alfajiri, viazi mchana, na mgonjwa usiku. Lakini siku moja mtumishi huyo huanza kutetemeka. Sakafu yavuma chini ya miguu, na kioo cha kutazamia nyuma chacheza hata huoni kitu.

Wakulima wengi hapo hukimbilia Nakuru mjini. Hununua matairi, kisha beringi, kisha shafti ya propela, na gari bado latetemeka. Ng'ombe akiugua humpi kila dawa iliyo dukani. Humtazama kwanza, ukajua ugonjwa. Fanya vivyo hivyo na gari.

Propela ni kitu gani?

Ni ile shafti ndefu chini ya gari inayopeleka nguvu kutoka giaboksi hadi difu. Kila mwisho wake pana kiungio chenye msalaba wa chuma, ambacho hukunja kama kiwiko cha mkono gari linaporuka mashimo. Katika Land Rover za zamani propela huzunguka karibu mara 5 gurudumu likizunguka mara 1. Ukienda kilomita 60 kwa saa, gurudumu huzunguka mara 7 hivi kila sekunde, na propela zaidi ya mara 30. Kwa hiyo kumbuka: mtikisiko wa polepole, unaorusha usukani, mara nyingi ni wa gurudumu. Mvumo wa haraka, unaousikia sakafuni na kwenye kiti, mara nyingi ni wa propela.

Jaribio la kwanza: gari limesimama

Washa injini bila kutia gia, ukanyage mafuta pole pole. Likitetemeka hapo hapo, acha propela. Tazama injini na mipira inayoishikilia.

Jaribio la pili: gari linakwenda

Tafuta barabara ya lami iliyo tambarare, mchana, pasipo magari mengi. Usijaribu kamwe kwenye mteremko wa Subukia wala ule wa kutoka Mau Summit. Endesha mpaka mtetemeko uanze, ukumbuke mwendo wake. Kisha shusha gia moja, urudi kwenye mwendo ule ule. Injini sasa inazunguka kwa kasi zaidi, lakini magurudumu na propela vinazunguka kama kwanza. Mtetemeko usipobadilika, ugonjwa uko kwenye propela au magurudumu. Ukibadilika, tazama upande wa injini na klachi. Na ukipungua mara tu unapoachia mafuta, viungio vya propela vyashukiwa sana.

Anza na kisichogharimu pesa

Wakati wa mvua za masika, udongo mweusi wa Ol Kalou huingia ndani ya ringi ukakauka kama saruji. Bonge moja upande mmoja latosha kulitikisa gari zima. Basi osha ringi kwa ndani, osha na propela yenyewe. Kaza nati za magurudumu. Tazama kama tairi limevimba au limelika upande mmoja. Kisha jaribu gari tena. Huenda dawa yako ilikuwa ndoo mbili za maji.

Kabla ya kuingia chini ya gari

Hapa sikiliza sana. Katika Land Rover za zamani breki ya mkono haishiki magurudumu. Hushika propela ya nyuma, pale inapotoka giaboksi. Ukifungua propela hiyo, breki ya mkono haishiki chochote. Hata ukiinua gurudumu moja la nyuma kwa jeki, gari laweza kutembea. Basi simamisha gari mahali tambarare, uweke mawe makubwa au magogo mbele na nyuma ya magurudumu. Usilale kamwe chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake.

Sasa shika propela kwa mkono mmoja na upande wa pili wa kiungio kwa mkono mwingine. Zungusha huku na huku. Kiungio kizima hakichezi. Kikicheza, au ukiona unga mwekundu wa kutu kando ya msalaba, kimekwisha. Kishindo unapoachia klachi ni dalili nyingine. Kaza pia bolti za kila mwisho, ukatazame kama shafti imepinda au imebonyea kwa kugonga jiwe.

Jina la Nakuru husemwa latokana na neno la Kimaasai la mahali pa vumbi, na vumbi hilo ni adui wa viungio. Penye nipeli, tia grisi mpaka itokeze pande zote nne za msalaba.

Alama ya rangi

Fundi akifungua propela, mwombe aipake alama ya rangi kabla. Uma za ncha zote mbili za shafti lazima zilingane. Akiirudisha ile sehemu inayoteleza kwa kuruka jino moja tu, gari litatetemeka hata kama kila kitu ni kipya. Propela iliyochomelewa nayo lazima isawazishwe tena kwa mashine.

Wenye Peugeot 404 na 504 wajue kwamba propela yao imefichwa ndani ya bomba la chuma, haishikiki kwa mkono. Wao wamalize kwanza magurudumu na mipira ya injini, ndipo waende kwa fundi.

Usidharau mtetemeko. Kiungio kikivunjika, propela huanguka barabarani, na katika Land Rover breki ya mkono huondoka pamoja nayo, labda una maziwa na watoto nyuma. Basi ukienda kwa fundi, usimwambie tu kwamba gari latetemeka. Mpe karatasi yenye mambo matatu: mwendo linapoanzia, kama kubadili gia kulibadili neno, na kiungio gani kinacheza. Fundi mwema atakushukuru, naye mjanja hatapata njia ya kukuuzia usichohitaji.