Fungate Sokoni: Kidani Kilichotupatanisha

Jamani, fungate yetu nusura iharibikie sokoni! Tulikuwa Victoria Falls, Zimbabwe. Mimi nataka kila kitu: vikapu vya Watonga kutoka Binga, vinyago vya mawe vya Washona, hata ile noti ya dola trilioni 100 ya mwaka 2009, ambayo siku hizi hainunui hata pipi. Mume wangu kanuna. "Mke wangu, nauli ya kurudi je?" Nikasusa.

Muuzaji mmoja akatuonyesha kidani cha Nyaminyami, mungu wa mto Zambezi mwenye kichwa cha samaki na mwili wa nyoka. Watonga husimulia kuwa Bwawa la Kariba, lililojengwa miaka ya 1955 hadi 1959, lilimtenganisha na mkewe. Tukatazamana. Mwenzetu katenganishwa na ukuta wa zege, sisi tutenganishwe na vikapu?

Tukachukua vidani viwili tu, tukapatana bei huku tunacheka. Ushauri wangu kwenu: pangeni bajeti hotelini kabla hamjaingia sokoni, na pembe za ndovu msiziguse kabisa. Changu bado nakivaa. Yeye chake hakivui hata akioga!