Wakongwe Waliohama na Rekodi Walizoacha Australia

Mwaka 1972 North Melbourne ilishinda mechi moja tu msimu mzima na kuburuza mkia. Mwaka 1975 ikatwaa ubingwa wake wa kwanza, baada ya kuungoja tangu 1925 ilipoingia ligi ya Victoria. Katika futiboli ya Australia, mchezo wa watu 18 kila upande ambao goli lina pointi 6, usajili uliozaa mageuzi hayo kwangu ndio bora kuliko wote.

Siri yake ilikuwa kanuni mpya. Mchezaji aliyetumikia klabu moja kwa miaka 10 aliruhusiwa kuondoka atakako. Viongozi wa North waliidaka fursa wakati wengine bado wanaipima, wakawachukua watatu: mfungaji Doug Wade kutoka Geelong, Barry Davis kutoka Essendon na beki John Rantall kutoka South Melbourne. Kanuni ilifutwa mwaka 1973, lakini watatu hao walishavaa jezi mpya. Wade alifunga magoli 103 msimu wa 1974, na Davis ndiye aliyekuwa nahodha siku Hawthorn ilipolazwa kwa pointi 55 katika fainali ya 1975.

Kocha wa North alikuwa Ron Barassi, na yeye mwenyewe ndiye mhusika wa uhamisho uliowatikisa zaidi mashabiki wa zama zake. Mwisho wa 1964, akiwa ameshatwaa ubingwa mara 6 na Melbourne, alihamia Carlton kuwa kocha mchezaji. Carlton haikuwa imeshika kombe tangu 1947. Ikalishika 1968, kisha tena 1970, katika fainali iliyohudhuriwa na watu 121,696, umati ambao haujawahi kufikiwa tena katika mchezo huu. Hadi mapumziko Carlton ilikuwa nyuma ya Collingwood kwa pointi 44. Iliibuka mshindi kwa pointi 10.

Kwa magoli, hakuna aliyemzidi Tony Lockett. Sydney Swans ilikuwa imeshika mkia misimu mitatu mfululizo, 1992 hadi 1994, katika jiji ambalo moyo wake uko kwenye ragbi. Lockett alitua akitokea St Kilda, akafunga magoli 110 mwaka 1995 na 121 mwaka uliofuata. Katika nusu fainali ya 1996 dhidi ya Essendon, matokeo yakiwa sare na king'ora kikiwa kimelia, mkwaju wake wa mbali ulipita pembeni na kuzaa pointi moja. Pointi hiyo iliipeleka Swans fainali kwa mara ya kwanza tangu 1945. Tarehe 6 Juni 1999 aliivunja rekodi ya magoli 1,299 ya Gordon Coventry, iliyodumu tangu 1937, na maelfu ya watu wakamiminika uwanjani. Alimaliza na magoli 1,360. Ubingwa hakuupata.

Lance Franklin alifuata njia hiyohiyo. Mwisho wa 2013 alitoka Hawthorn akiwa na makombe mawili, akasaini Sydney mkataba wa miaka 9 wenye thamani ya dola milioni 10 za Australia, jambo lililoushangaza mchezo mzima. Goli lake la 1,000 mwaka 2022 liliwatoa tena mashabiki jukwaani. Lakini alipoteza fainali ya 2014 mbele ya Hawthorn, klabu aliyoiacha, kisha ya 2016 na ya 2022. Nyota mmoja hujaza uwanja na kuipa klabu jina, na kwa Sydney hilo lilikuwa na thamani kubwa sana. Kombe huletwa na wakongwe kadhaa wanaoziba mapengo kwa pamoja, kama walivyofanya wale wa North.

Hawthorn ililielewa hilo. Ilimchukua Shaun Burgoyne kutoka Port Adelaide, Josh Gibson na David Hale kutoka North Melbourne, na Brian Lake kutoka Western Bulldogs akiwa na umri wa miaka 30. Ilitwaa ubingwa 2013, 2014 na 2015, na Lake akawa mchezaji bora wa fainali ya kwanza kati ya hizo tatu. Burgoyne alistaafu 2021 akiwa na mechi 407, mzawa wa jamii za asili za Australia wa kwanza kufikisha 400. Mechi 250 kati ya hizo alizicheza Hawthorn.

Wengine niwataje kwa haraka. Barry Hall ndiye wa kwanza kufunga zaidi ya magoli 100 katika kila moja ya klabu tatu: St Kilda, Sydney na Western Bulldogs. Ian Stewart alitwaa medali ya Brownlow, ya mchezaji bora wa msimu, mara mbili akiwa St Kilda na ya tatu akiwa Richmond mwaka 1971. Na Aliir Aliir, aliyezaliwa Kakuma nchini Kenya, alihama Sydney kwenda Port Adelaide mwisho wa 2020. Msimu wake wa kwanza huko ulimwingiza katika kikosi bora cha Australia nzima.

Fainali ya 2022 ndiyo inayostahili kutazamwa na kila anayedharau umri. Geelong iliingiza kikosi chenye wastani mkubwa wa umri kuliko timu yoyote katika historia ya ligi, ikaichapa Sydney 133 kwa 52. Mchezaji bora wa siku hiyo, Isaac Smith, alikuwa na miaka 33, mkubwa kuliko wote waliowahi kupewa medali ya mchezaji bora wa fainali, na alikuwa amesajiliwa kutoka Hawthorn miaka miwili kabla. Pembeni yake alikuwepo Patrick Dangerfield, aliyetoka Adelaide mwisho wa 2015. Msimu wake wa kwanza Geelong alitwaa Brownlow kwa kura 35. Kombe lake la kwanza lilimchukua misimu sita zaidi.