Vitabu vya Ajabu Navyo Hufundisha

Ndugu msomaji, leo umeshika gazeti hili na unalisoma mwenyewe. Hongera. Huenda zamani ulipopata barua ulimpelekea mtoto wa jirani akusomee, naye akazijua siri zako zote. Leo siri zako ni zako.

Sasa tunakuuliza. Ukimaliza gazeti hili, utasoma nini? Wengi wetu tunasoma vitabu vya kilimo bora, vya afya na vya malezi ya watoto. Hivyo ni vitabu vizuri. Usiviache. Lakini mtu hali ugali mtupu kila siku. Anataka na mboga.

Jambo hili si dogo. Jembe lisilolima hushika kutu. Mwaka 1971 serikali ilianza kampeni kubwa ya kufuta ujinga wa kutojua kusoma na kuandika. Wazee wengi, wanaume kwa wanawake, walijifunza kusoma. Lakini wako waliosahau, kwa sababu hawakuwa na kitu cha kusoma, au walichokuwa nacho hakikuwavuta. Kitabu kinachokuvuta hukufanya usome hata ukiwa umechoka. Kwa hiyo mwezi huu tunakueleza habari za vitabu vya ajabu.

NDUGU WALIOGEUKA MANYANI

Anza na kitabu kiitwacho Adili na Nduguze. Kilitolewa mwaka 1952. Mwandishi wake ni Shaaban Robert, aliyezaliwa karibu na Tanga mwaka 1909. Alikuwa karani wa serikali. Alifariki mwaka 1962.

Katika kitabu hiki yumo mtu mwema aitwaye Adili. Ana manyani wawili. Kila usiku huwapiga kwa mjeledi, huku moyo wake unauma. Kwa nini mtu mwema apige wanyama? Manyani hao ni ndugu zake wa tumbo moja. Walimfanyia ubaya mkubwa kwa sababu ya wivu, wakageuzwa manyani. Ubaya gani? Hatukuambii. Soma mwenyewe. Kitabu ni kifupi, nacho kinafaa kwa msomaji mpya. Ukimaliza utajiuliza kama umewahi kumwonea wivu ndugu yako kwa sababu shamba lake limestawi.

NCHI INAYOELEA HEWANI

Kitabu cha pili ni cha Shaaban Robert pia. Kinaitwa Kusadikika, na kilitolewa mwaka 1951. Kusadikika ni nchi inayoelea hewani. Haipo katika ramani yoyote.

Katika nchi hiyo kijana mmoja, Karama, anashitakiwa mbele ya mfalme. Kosa lake ni kutaka kuwafundisha watu sheria. Anayemshitaki ni waziri aitwaye Majivuno. Karama hatukani mtu. Anajitetea kwa kusimulia habari za wajumbe sita waliotumwa nje zamani, wengine hata mbinguni na ardhini, ili walete maarifa yatakayofaa nchi yao. Walipata taabu nyingi, na waliporudi walifungwa gerezani.

Kumbuka kwamba mwaka 1951 Tanganyika ilikuwa bado inatawaliwa na Waingereza. Mtu hakuweza kusema wazi kila kilichokuwa moyoni mwake. Lakini habari za nchi ya hewani, nani atazikataza? Hiyo ndiyo nguvu ya kitabu cha ajabu. Kinasema habari za mbali, kumbe kinasema habari za karibu.

MAITI KATIKA MZIMU

Kitabu cha tatu ni Mzimu wa Watu wa Kale, cha mwaka 1960. Aliyekiandika ni Muhammed Said Abdulla wa Unguja. Mtu huyu alikuwa mhariri wa gazeti la wakulima lililoitwa Mkulima. Aliandika habari za mashamba, na pia aliandika hadithi za upelelezi.

Mtu anaonekana amekufa mahali penye mzimu. Watu wanaogopa. Wengine wanasema ni kazi ya mizimu. Bwana Msa, mvuta kiko, hapigi kelele. Anatazama, anauliza na anafikiri. Sisi wa Uluguru tunapafahamu mahali pa matambiko, na tunawaheshimu wazee wetu waliotangulia. Kitabu hiki hakitaki uwadharau. Kinataka uulize kwanza kabla ya kumshitaki mtu, awe hai au mfu.

KITABU KINENE CHA UKEREWE

Cha nne ni kinene sana. Usiogope. Kinaitwa Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka, Ntulanalwo na Bulihwali. Aniceti Kitereza, mwenyeji wa kisiwa cha Ukerewe, alikiandika kwa Kikerewe mwaka 1945. Alingoja miaka mingi. Akakitia katika Kiswahili yeye mwenyewe, kikatolewa mwaka 1980. Mwaka 1981 alifariki.

Ajabu ya kitabu hiki ni kwamba hakina majini wala manyani. Kina maisha ya kijijini ya zamani tu. Mume na mke wanapendana lakini hawajapata mtoto. Wazazi wa mke wanamchukua binti yao. Mume anatakiwa kupeleka pombe ya ndizi kwa wakwe ili arudishiwe mkewe. Mwandishi anaeleza kila kitu polepole: kilimo, dawa, salamu, ngoma na adabu ya ukweni.

Mluguru akisoma kitabu hiki atapata mengi ya kulinganisha. Kwetu ukoo hufuata upande wa mama, na mjomba ana sauti. Kwa Wakerewe ukoo ni wa baba. Lakini machozi ya mke aliyenyimwa mtoto ni yale yale, Ukerewe na Matombo. Kama mtu wa kijijini aliandika maisha ya kijiji chake mpaka yakajaza kitabu kinene, basi na maisha yako yanastahili kuandikwa.

UTAVIPATAJE?

Ukishuka mjini Morogoro na njegere kutoka Mgeta, au na ndizi kutoka Kinole, usirudi na chumvi na sabuni tu. Pita katika maktaba ya mkoa. Mtaje mwandishi na jina la kitabu. Kama hakipo, uliza kinachofanana nacho. Muulize pia mwalimu wa shule iliyo karibu nawe.

Kama kijiji kina nakala moja tu, inatosha. Kaeni pamoja jioni, kama tulivyokaa kusikiliza hadithi za sungura na fisi. Mmoja asome kwa sauti, wengine wasikilize. Kesho asome mwingine. Anayesoma polepole asichekwe. Neno gumu liandikeni katika daftari, mkamwulize mwalimu. Msiandike ndani ya kitabu, kwa maana kesho kitasomwa na wengine.

MASWALI YA KUJADILIANA

1. Kwa nini Karama alishitakiwa? Je, ni kosa kuwafundisha watu sheria?

2. Katika kijiji chenu, kumewahi kutokea jambo ambalo watu walisema ni la mizimu, kumbe lilikuwa la binadamu?

3. Ni hadithi gani ya Uluguru wazee wanaijua na bado haijaandikwa? Nani kati yenu ataanza kuiandika?